Matembezi ya Mtaa kwa Ajili ya Utafiti wa Saratani: Jinsi Tulivyochanga Bila Kukosana

Mara kwa mara tunampa mmoja wa wateja au mawakala wetu nafasi atueleze jinsi pesa za simu zinavyomsaidia katika maisha ya kila siku. Leo ni zamu ya wakala wetu wa Kapsoya, Eldoret, aliyekuwa mweka hazina wa matembezi ya mtaa ya kuchangia utafiti wa saratani. Soma hadi mwisho. Kuna funzo moja humu ambalo lilimgharimu jirani yake pesa, na hatutaki likugharimu wewe pia.

Chamgei! Mimi ni wakala, mwaka wa saba sasa. Kibanda changu kiko kando ya barabara, kati ya kinyozi na mama mboga. Kazi yangu ni kuweka na kutoa pesa, na pia kusikiliza. Mtu akija kutoa pesa za hospitali, huwa unajua hata kabla hajafungua mdomo.

Kaka yangu mkubwa alikuwa mtu wa boda boda. Alianza kwa kulalamika kwamba ugali unamkwama. Akawa anausukuma kwa maji. Baadaye ugali ukamshinda, akabaki na uji, na mwishowe hata uji ukawa shida. Tulipofika hospitali tukaambiwa ni saratani ya umio, ile watu wetu wanaita kansa ya koo. Tulikuwa tumechelewa. Hakumaliza mwaka.

Lakini leo sitaki kusimulia ugonjwa wake. Nataka kusimulia pesa zake.

Harambee iliyotuachia kidonda

Alipokuwa mgonjwa tulifungua grupu ya WhatsApp, tukachanga. Wakenya wanajua kuchanga, hiyo hakuna wa kutufunza. Namba iliyotumika ilikuwa ya mtu mmoja wa familia, namba yake ya kawaida, ile anayopokea pesa za maziwa na kulipia stima. Watu walituma: mia mbili, mia tano, elfu moja. Baada ya wiki tatu mtu akauliza, "Kwani tumefika ngapi?" Hakuna aliyejua.

Sijui kama kuna pesa iliyopotea. Hadi leo sijui, na hapo ndipo uchungu ulipo. Pesa ya mchango ilichanganyika na ya maziwa, meseji zikafutwa simu ilipojaa, na yule ndugu yetu hakuwa na njia ya kujitetea hata kama hakugusa senti. Kaka alizikwa huku nusu ya familia haisalimiani na nusu nyingine.

Kwa hivyo mwaka jana, vijana wa mtaa waliponijia wakisema, "Auntie, tunataka kufanya matembezi ya kansa, na wewe ndiye utashika pesa kwa sababu wewe ni wakala," nilikataa. Wakarudi mara ya pili. Nikawaambia nitakubali kwa sharti moja: hakuna hata shilingi itakayoingia kwenye namba yangu.

"Utafiti utampa mgonjwa dawa?"

Mkutano wa kwanza ulifanyika kwenye ukumbi wa kanisa. Mwenyekiti alipotangaza kwamba pesa zitaenda kwa utafiti, mzee mmoja akasimama. Ni mwalimu mstaafu, na sisi wote tunamwita Mwalimu tu. Akasema, "Jirani yangu yuko kitandani sasa hivi. Kwa nini nimpe mtafiti pesa ya kalamu na karatasi, badala ya kumpa mgonjwa pesa ya dawa?"

Swali hilo halikuwa la kupuuzwa. Kusema ukweli, mimi mwenyewe nilikuwa nalo.

Aliyejibu ni binti wa mtaa anayefanya kazi na kikundi cha watafiti wa saratani. Alianza na chai. Akatuuliza ni wangapi kati yetu hunywa chai ikiwa bado inatoa moshi. Karibu ukumbi wote ukainua mkono. Sisi watu wa huku juu, kwenye baridi ya zaidi ya mita 2,000, chai isiyochoma tunaiona kama imelala.

Akatuambia kwamba mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lile la Umoja wa Mataifa lenye makao Lyon, Ufaransa, liliweka vinywaji vya moto sana, vilivyozidi nyuzi 65 za selsiasi, kwenye orodha ya vitu vinavyoelekea kusababisha saratani ya umio. Halafu akasema kuna utafiti uliofanywa hapahapa Eldoret, katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Watafiti waliwahoji wagonjwa zaidi ya 400 wa saratani ya umio, na watu wengine zaidi ya 400 wasiokuwa na ugonjwa huo. Unakunywa nini? Ikiwa moto kiasi gani? Unavuta sigara? Matokeo yalichapishwa mwaka 2019, na yakaonyesha kwamba waliozoea vinywaji vya moto sana walikuwa kwenye hatari kubwa zaidi kuliko wanaoviacha vipoe.

"Hiyo haikuwa dawa," akasema. "Ilikuwa ni maswali, nauli na uvumilivu. Lakini sasa unaweza kumwambia mtoto wako aache chai ipoe, na haikugharimu kitu."

Akatoa mfano wa pili. Wasichana na wanawake vijana 2,275 wa Kenya, wa miaka 15 hadi 20, kutoka Nairobi, Thika na Kisumu, walikubali kushiriki utafiti wa chanjo ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Matokeo yaliyotoka mwaka 2022 yalionyesha kwamba dozi moja tu iliwakinga kwa zaidi ya asilimia 97 dhidi ya aina mbili zilizo hatari zaidi. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likasema nchi zinaweza kutumia dozi moja badala ya mbili. Fikiria nchi maskini inayonunua chanjo: pesa ileile inaweza kukinga wasichana mara mbili zaidi. Na jibu hilo lilitoka kwa mabinti wetu.

Mwalimu alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Basi mimi nitachanga mara mbili. Kwa mgonjwa na kwa utafiti." Mkutano ukapiga makofi, tukaanza kupanga.

Kama nawe unafikiria jambo hili ni la watu wachache, makadirio ya kimataifa ya mwaka 2022 yanasema Kenya ilikuwa na visa vipya zaidi ya 44,000 vya saratani, na vifo zaidi ya 29,000, kwa mwaka mmoja tu.

Kutembea kunasaidia nini?

Wengine huuliza mbona mtu asitume tu pesa abaki nyumbani. Kuna historia. Mwaka 1980 kijana wa Kanada, Terry Fox, aliyekuwa amekatwa mguu kwa sababu ya saratani ya mfupa, aliamua kukimbia kuvuka nchi yake kwa mguu wa bandia ili kuchangisha pesa za utafiti. Alikimbia siku 143, kilomita 5,373, hadi saratani ilipomrudia kwenye mapafu ikamsimamisha. Alifariki mwaka 1981 akiwa na miaka 22. Hadi leo watu katika nchi nyingi hukimbia na kutembea kwa jina lake.

Mwaka 1985, daktari mpasuaji wa Marekani, Gordon Klatt, alizunguka uwanja wa chuo kimoja mjini Tacoma kwa saa 24. Marafiki walilipa wapate kuzunguka naye kwa dakika 30. Alichangisha dola 27,000, na hapo ndipo yalipoanza matembezi yanayoitwa Relay For Life.

Mtu anayetembea anaonekana, na anayeonekana anaulizwa, "Mnaenda wapi?" Hapo mazungumzo yanaanza. Meseji ya mchango haiwezi kufanya hivyo.

Jinsi tulivyopanga pesa

Sasa nije kwenye kazi yangu. Haya ndiyo tuliyofanya, na unaweza kuyafanya hata kama mtaa wako una watu hamsini tu.

Kwanza, tulitumia cheti cha kikundi. Kikundi cha vijana kilikuwa tayari kimesajiliwa chini ya sheria ya vikundi vya jamii ya mwaka 2022. Cheti hicho, pamoja na kumbukumbu za mkutano na vitambulisho vya viongozi, ndivyo tulivyotumia kuomba namba ya paybill ya kikundi. Jina linalotokea mtu anapolipa ni la kikundi. Si langu, si la mwenyekiti.

Pili, tulichagua paybill badala ya till. Till ni nzuri kwa duka, kwa sababu mteja analipa na kwenda. Lakini kwenye paybill kuna nafasi ya kuandika akaunti. Tukawaambia watu waandike neno moja kati ya matatu: TEMBEA kwa ada ya kushiriki, TISHETI kwa anayenunua fulana, na MCHANGO kwa anayetoa tu. Kila jioni nilikuwa najua pesa gani ni ya nini bila kumpigia mtu simu.

Tatu, hakuna mtu mmoja anayeweza kutoa pesa. Tulikuwa watatu: mimi, mwenyekiti, na mama mboga jirani yangu, ambaye hesabu zake hazikosei hata senti. Mmoja anaanzisha malipo, mwingine anaidhinisha. Hatukufanya hivyo kwa sababu tunashukiana. Tulitaka mtu akiuliza, kila mmoja wetu awe na jibu na shahidi.

Nne, na hili ndilo lililotuokoa: kila siku saa moja jioni niliweka orodha kwenye grupu. Jina la kwanza, kiasi, jumla. Namba za simu sikuziweka, kwa sababu namba ya mtu ni siri yake. Asiyetaka jina lake litajwe aliandikwa "Rafiki".

Tano, tulifuata sheria ya barabara. Sheria ya Utulivu wa Umma inataka anayeandaa maandamano au msafara wa hadhara amwarifu OCS kwa maandishi, si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla. Tulipeleka barua siku kumi kabla. Tukapewa askari wawili wa kutuvusha Uganda Road, na walikuwa wakarimu sana.

Bango la uongo

Zilikuwa zimebaki siku nne. Saa moja na nusu jioni simu ikalia. Ni Mwalimu.

"Binti yangu, mbona sijajiona kwenye orodha?"

"Ulituma lini, Mwalimu?"

"Jana usiku. Elfu mbili."

Nikapitia rekodi mara mbili. Hakuna. Nikamwomba asome ile meseji ya uthibitisho. Jina alilosoma halikuwa la kikundi. Lilikuwa la mtu tusiyemjua.

Kumbe kuna mtu alichukua bango letu, akaacha picha, tarehe, kila kitu, akafuta paybill yetu na kuweka namba ya simu ya kawaida. Akalisambaza kwenye magrupu mengine ya mtaa na maneno matamu: "Mtandao wa paybill unasumbua, tumieni namba hii ya mweka hazina." Mwalimu aliona bango analolijua, akaamini. Jina lilimtokea kabla ya kuweka PIN, lakini miwani ilikuwa mezani. Akabonyeza tu.

Nilimwelekeza apigie huduma kwa wateja palepale. Wakaangalia: pesa zilikuwa zimetolewa kwa wakala dakika chache baada ya kutumwa. Hawakuweza kuzirudisha. Kesho yake nilimsindikiza kituo cha polisi, akaandikisha taarifa na kupewa namba ya OB, na ile namba ya simu ikaripotiwa.

Usiku uleule niliweka tangazo kwenye kila grupu ninayoijua: paybill ni moja tu, jina litakalotokea ni hili, na hatuna mweka hazina anayepokea kwa namba yake. Dakika tano baadaye mama mmoja wa Munyaka akanipigia akipumua juu juu. Alikuwa ametuma 300 muda huohuo. Nikamwambia asinieleze sana, apige huduma kwa wateja kwanza. Kwa bahati pesa zilikuwa bado hazijatolewa, zikazuiwa, na baadaye akarudishiwa.

Ona tofauti. Watu wawili, bango moja, mwizi mmoja. Aliyepiga simu mara moja alipata pesa zake. Aliyegundua siku ya pili alikosa. Na kama si orodha ya jioni, Mwalimu asingegundua kabisa, na bango lingeendelea kula watu hadi siku ya matembezi.

Nilimwomba Mwalimu msamaha, ingawa si mimi niliyemwibia. Nilimwambia kamati imekubali asilipe ada. Akakataa. Akatuma tena 500, safari hii akiwa amevaa miwani, akanisomea jina herufi kwa herufi kabla ya kuweka PIN. "Pesa imeenda," akasema, "lakini miguu bado ninayo."

Siku yenyewe

Tulianza saa moja asubuhi, baridi ya Eldoret ikiuma masikio. Watoto wa shule mbele, akina mama nyuma yao, watu wa boda boda wakisukuma pikipiki bila kuwasha injini. Hao walikuja kwa ajili ya kaka yangu. Sikuwaalika, walisikia tu.

Tulishuka hadi Uganda Road, tukapita katikati ya mji, tukazunguka na kurudi, kilomita nane. Wanawake wanne waliopona saratani walitembea na skafu za rangi moja. Mmoja aliniambia kwamba watu humwogopa wakisikia kansa, kana kwamba inaambukiza. Siku hiyo alishikwa mkono na watu asiowajua.

Pembeni ya barabara watu waliuliza tunaenda wapi, na vijana wakawapa karatasi zenye paybill na jina la kikundi limeandikwa kwa herufi kubwa. Wengi walituma wakiwa wamesimama hapohapo. Shilingi 20, shilingi 50. Usidharau mchango wa ishirini. Ulipokuja mmoja sikuuona, lakini ilipokuja mingi iliniongezea kurasa.

Mwalimu alikuwa wa mwisho kufika, akitumia fimbo. Nilimngoja kwenye mstari.

Hesabu

Siku tatu baadaye nilisoma hesabu mbele ya watu, kwenye ukumbi uleule, na kubandika taarifa ya akaunti ukutani, namba za wachangaji zikiwa zimefichwa. Iliingia shilingi 231,650. Tisheti 150 zilikula 52,500. Maji na ndizi 9,200. Mafuta ya ambulansi 6,000. Spika 5,000. Ada za miamala 1,150. Zilizobaki ni 157,800, na zikaenda moja kwa moja kutoka akaunti ya kikundi hadi akaunti ya mradi wa utafiti, si kwa mkono wa mtu. Risiti iko.

Tuliambiwa sehemu kubwa itatumika kwa nauli za watu wa vijijini wanaokuja kuhojiwa na kupimwa. Nauli! Nilikumbuka kaka yangu, aliyekuwa akibeba watu kila siku kwa pikipiki, na siku zake za kliniki akikosa jinsi ya kufika.

Ndugu yangu yule aliyeshika pesa za harambee alikuwepo ukumbini. Nilipomaliza kusoma alinijia, akaniambia, "Ningejua hivi wakati ule." Nikamwambia hata mimi sikujua. Tulisalimiana kwa mikono miwili. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Kabla hujatuma, kumbuka

• Soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Kama si la kikundi unachokijua, usiendelee.
• Bango likibadilisha namba ghafla, mpigie mtu wa kamati kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyo kwenye bango.
• Ukikosea au ukitapeliwa, piga huduma kwa wateja dakika hiyohiyo. Usingoje asubuhi.
• Hifadhi meseji ya uthibitisho. Ndiyo risiti yako.
• PIN yako haiulizwi na mweka hazina, wakala, wala sisi. Anayeiuliza ni mwizi.
• Kama wewe ndiye unayechangisha: akaunti ya kikundi, waidhinishaji zaidi ya mmoja, orodha kila siku, na hesabu mbele ya watu.

Baada ya kusoma hesabu tulipewa chai. Ilikuja kwenye sufuria kubwa, ikitoa moshi kama kawaida yetu. Kogo mmoja aliyeketi karibu nami alichukua kikombe, akakiangalia, akakiweka chini ya kiti. Nikamuuliza kama hataki chai.

"Naitaka," akasema. "Nangoja ipoe."